Orodha Kabla ya Ndiyo

Umeme umerudi Arua saa nne na robo,
na kompyuta imeanza kunung'unika
kama mtu aliyeamshwa kabla ya zamu yake.
Diski imejaa. Imesema hivyo tangu Jumatatu,
kwa herufi nyekundu, pale pembeni.
Mitihani ya shule tatu inangoja kuchapwa,
na mimi, Candiru, mwenye duka la mlango mmoja,
leo nafanya usafi usiohitaji ufagio.

Mwaka jana nilifagia kwa hasira.
Nilitaka kung'oa mchezo mmoja tu, wa karata,
uliokuwa ukila mchana wa mpwa wangu Ezama.
Kompyuta ikauliza: ndiyo, au hapana?
Nikajibu ndiyo jinsi mtu anavyomjibu mdai,
haraka, bila kusikiliza, mradi aondoke.
Kumbe mchezo ulishikana mikono na dirisha,
dirisha limeshika menyu, menyu imeshika picha,
na nilipowasha tena palikuwa na giza
na kistari kimoja cheupe kinapepesa.
Siku mbili. Onzima fundi alitoka Ediofe
na kisanduku chake na kicheko chake.
Kicheko nacho nilikilipia.

Aliniachia maneno manne juu ya bahasha kuukuu:
Nakili. Jaribu. Soma.
La nne limefutwa na chai.

Kwa hiyo kwanza nakala:
barua, mitihani, majina ya wanaonidai na ninaowadai,
vyote vimelala ndani ya flashi,
flashi imefungwa kwenye pindo la leso.
Kisha naiambia kompyuta: jifanye unaondoa.
Usiondoe. Nionyeshe kaburi kabla hujalichimba.
Inaorodhesha. Nafuata kwa kidole
kama mzazi atafutaye jina la mwanawe ubaoni:
kamusi za lugha ambazo hazijapita mlangoni kwangu;
viini vinne vya zamani
(nabakiza kimoja, maana hata kipya huugua);
kiendeshi cha printa tuliyoiuza kwa mzani, kama chuma;
programu ya kamera ambayo hatukuwahi kununua.
Nendeni. Kimoja, halafu kingine.
Na baada ya kila kimoja nachapa ukurasa mtupu
kuona kama printa bado inanijua.

Halafu inaleta neno lake zito: mayatima.
Vifurushi vilivyokuja vimembeba mwingine,
mwingine akaondoka,
vikabaki barazani na mizigo magotini.
Thelathini na moja. "Havihitajiki tena," inasema,
bila huruma, bila ubaya.
Thelathini nawaaga kwa majina.

Yatima wa thelathini na moja ni kibodi ya Kiarabu
na mwandiko wake.

Mastura wa Oli ndiye aliyeileta.
Alichapa hapa vyeti vya madrasa,
kutoka kulia kwenda kushoto,
na mimi kiti changu kilikuwa kushoto,
nikiona maneno yananijia.
Kisha akaolewa Yumbe. Mwaka wa tatu huu.
Hata kikombe chake nilishampa mtu.

Kompyuta haijasema uongo:
hakuna kitu ndani yake kinachomtaka yatima huyu.
Ila kompyuta huhesabu ya ndani tu,
haijui nani anaweza kusukuma mlango.

Iko amri ndogo. Onzima hakuiandika,
au ndiyo ile iliyonywewa na chai.
Unakiambia kifurushi: wewe umewekwa kwa mkono.
Basi. Tangu hapo fagio linampita yatima
kama mvua inavyompita aliye ukumbini.
Nimeiandika polepole, herufi kwa herufi.
Nafasi anayokula haifiki picha mbili za pasipoti.

Nasoma orodha mara ya pili.
Nasoma mara ya tatu, kwa sababu ya kile kicheko.
Ndiyo.

Herufi nyekundu zimezimika.
Mwalimu Alezuyo ameegemea kizingiti,
ana unga wa chaki mpaka kwenye nyusi:
"Inafanya kazi leo?"
"Inafanya. Karatasi umekuja nazo?"