Kopo la Kurasa za Mwisho

Mjomba Mwinyikambi alikodisha vitabu
dirishani pake, Magomeni Mapipa,
senti hamsini kwa usiku mmoja,
na kwa kuwa alimjua binadamu
alichana ukurasa wa mwisho wa kila kitabu
akauficha kwenye kopo la maziwa ya unga.

Ukirudisha, anakusomea mwisho.
Usiporudisha, kaa na maiti yako.

Ndivyo nusu ya mtaa ilivyolala
na mpelelezi mlangoni, mkono kwenye kitasa,
hafungui.
Ndivyo Chaurembo, fundi cherehani,
alivyobisha hodi saa saba za usiku,
kanzu kaigeuza, macho mekundu:
“Niambie tu, ni mpishi au ni mke?”
Na mjomba, ndani ya chandarua:
“Kitabu kiko wapi?”

Vilikuwa vya karatasi ya kijivu, vinanuka chemli.
Katika kimoja roketi ilitua Jangwani mwaka elfu mbili;
walioshuka wakauliza anayetawala yuko wapi,
wakaambiwa wasubiri, mkubwa ana mkutano.
Katika kingine mwanamke mwenye kwato
alipanga chumba Ilala, akalipa kodi kabla ya tarehe,
na hilo ndilo lililomtia hofu mwenye nyumba.

Mjomba alikufa. Arobaini ikapita.
Nikaachiwa sanduku la bati, vitabu mia na kumi na viwili,
na kopo.
Kurasa hazikuwa na majina. Mende walishakula namba.
Kila nikitoka kazini nilikaa sakafuni
nikioanisha viwiliwili na mikia.

Nilikosea. Makosa yakawa matamu.
Nilibandika mwisho wa mzimu kwenye kisa cha roketi:
wageni wakazikwa Kisutu kwa heshima zote,
na usiku nyota moja ikashuka kufagia kaburi.
Mpelelezi nilimpa mwisho wa joka la Pugu:
akafungua mlango, hatimaye akafungua,
nyuma yake palikuwa na moto unaopumua
ukamwambia, Umechelewa miaka arobaini.

Siwatu, binti wa dada yangu, alinicheka.
Yeye husoma kwenye simu na huandika humo humo:
Kigamboni ikielea kwa minyororo,
bibi wa chuma anayeuza vitumbua
na kukumbuka madeni ya kila mtu, hata marehemu;
mganga wa Tandale anayepunga pepo wa kompyuta,
pepo kagoma, anadai chaji.
“Hadithi zenu,” alisema, “zinaogopa giza tu.
Sisi tunaogopa taa isiyozimika.”
Nilikuwa na jibu. Sikulitoa.

Mwezi wa nne nikamaliza. Kila kitabu na mkia wake,
ila ukurasa mmoja umebaki koponi, hauna mwili.
Una mistari mitatu:

Basi akavua kofia, akaketi.
“Sikumwua,” akasema, “nilimwazima tu.”
Na mvua, iliyokuwa imesubiri, ikaanza.

Daftari la mjomba linasema: nambari sabini na tatu, Chaurembo.
Tarehe ya kuchukua ipo.
Ya kurudisha, weupe.

Cherehani yake iliuzwa. Wanawe wako Mbagala,
hawajui habari ya kitabu, wanajua tu
kwamba baba yao alikuwa akiamka usiku.
Nikapita kwa wauza vitabu wa Samora,
vimetandazwa juu ya turubai, upelelezi kando ya hesabu za darasa la sita.
“Kinaitwaje?” Sijui.
“Kinahusu nini?” Sijui.
“Sasa unajua nini, dada?”
Kinavyoisha.

Siwatu aliupiga picha ule ukurasa, akanyamaza siku kumi na moja.
Usiku wa kuamkia leo simu imelia:
kitabu kizima, ameanzia mwisho akirudi nyuma,
kuna fundi, kuna kanzu iliyogeuzwa,
kuna mtu aliyeazimwa asirudishwe.
Nimesoma mpaka kofia inaanza kuvuliwa,
hapo maneno yakakatika.

Nimempigia, saa saba hiyo, nahema:
“Mbona umeishia njiani?”

“Shangazi,” amesema, kwa sauti ya usingizi,
“kopo unalo wewe.”