Konzi

Bwana, unalijua lile daftari langu,
lenye jalada jekundu, limefungwa kwa kamba ya kiatu.
Juu ya kila ukurasa niliandika *Mungu akipenda*,
kwa penseli.
Chini yake mipango yangu,
kwa wino.

Ukumbi wa watu mia sita, ukingoni kabisa mwa kilima,
hapa Mizoramu ambako hata kuku
hulala wamekaza vidole.
Wazee wa kanisa waliuliza habari za udongo.
Nikawajibu kwa tarakimu.
Zothansanga, mchimba makaburi wetu wa miaka thelathini,
akasema, "Mchungaji, upande ule jembe huzama bila kusukumwa."
Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesoma,
kisha nikafunga kikao kwa sala,
sala ndefu,
ili swali la pili lisipate pa kuingilia.

Na Biakchhungi, mjane, pamoja na kikapu chake,
utepe wa kubebea umemkata paji la uso,
akipita nyumba hadi nyumba kukusanya mchele:
konzi moja ya kila mlo,
iliyotengwa kwa ajili yako kabla chungu hakijainjikwa.
Nilishasema madhabahuni kwamba desturi hiyo imechoka,
simenti hainunuliwi kwa konzi.
Hakunijibu. Aliendelea kupita.
Nikamwonea aibu, Bwana.
Hebu fikiri. Mimi, nikamwonea yeye aibu.

Mvua ya Julai haikuomba ajenda.
Usiku wa tatu, saa nane,
nilisikia kilima kikivuta pumzi.
Ukuta, nguzo kumi na mbili, mabati mapya yenye karatasi zake bado,
vyote bondeni,
na barabara ikavifuata.

Hakufa mtu.
Naliandika hilo peke yake
kwa sababu sikulipanga.

Siku tisa hakukuwa na lori wala umeme.
Siku ya nne watu wakasimama mlangoni pangu
kana kwamba mimi ndimi ghala.
Nikafungua daftari, nikapekua.
Hapakuwa na ukurasa wa njaa.
"Sijui," nikasema.
Mtoto mmoja akacheka, akidhani nimefanya mzaha,
maana neno hilo hajawahi kulisikia kinywani mwangu.
"Sijui. Tuombe."
Na sala ikawa fupi,
Zothansanga hata kofia hajaivua, nimeshafika amina.

Ndipo mtu akakohoa nyuma ya umati.
Biakchhungi, ufunguo ukining'inia shingoni.
Akatupeleka kwenye kile chumba cha nyuma ya kengele
nilichokusudia kukibomoa.
Magunia ishirini na saba.
Midomo mingapi ilijinyima, kidogo kidogo,
huku mimi nikihubiri juu ya imani?
Hakusema, "Nilijua."
Alisema, "Shika upande huo, Mchungaji, ni zito."
Nikashika.

Konzi ina maana mbili:
ile ya mchele,
na ile anayopigwa mtoto mkaidi utosini.
Siku ile ulinipa zote mbili
kwa mkono mmoja.

Sasa wananiuliza tutajenga wapi.
Nimempa Zothansanga jembe, atangulie,
nami namfuata kimya, matope hadi vifundoni,
nikijifunza kusikiliza chuma kikigusa ardhi.

Lakini sitakudanganya. Daftari ninalo bado.
Leo asubuhi wino ulitaka tena kuitangulia penseli,
mkono huu una mazoea yake.
Nikainuka, nikaenda jikoni,
nikauzamisha ndani ya debe la mchele, nikafumba,
nikatenga.

Ngumi iliyojaa mchele haishiki kalamu.
Kwa dakika hiyo moja, Bwana,
naongoza vizuri.