Mfuko wa Ndani

Shekuwe alirudi Idi, siku nne za ruhusa,
akaniletea shati la kambi limekunjwa mara mbili,
mgongo ndani, kola nje,
kama mtu anayemficha mamake barua.

"Somoe, nitilie mfuko. Kwa ndani. Usionekane."

Mimi ni fundi wa Langoni. Najua nguo inavyochakaa.
Kiwiko huishia mezani, goti huishia mswalani,
kola huliwa na jasho la shingo.
Hili lilikuwa limeisha mahali shati halina kazi:
katikati ya mabega, mistari mitatu,
na uzi umekatika, haukuchoka.

Sikuuliza. Nikatia mafuta cherehani.

Akasema mwenyewe, macho mlangoni:
huko bara kuruta hana jina, ana nambari.
Wa pwani huitwa Maji ya Chumvi.
Saa nane za usiku huamshwa kwa ndoo,
wakaruka kichura na gunia la mchanga mgongoni,
mpaka Kazungu wa Ganda akakojoa damu
na tabibu wa kambi akaandika: malaria.

Haikuwa barua ya kuomba, ile iliyomchukua.
Asiyepita kambini haoni mlango wa chuo.
Nasi tulimsindikiza gatini, mtaa mzima,
na halua ndani ya kikapu.
"Serikali imemwita," tukasema,
kana kwamba kuitwa ni kuheshimiwa.
Barazani wangali wanasema fimbo hukomaza.
Ngozi ya ngoma ndiyo hukomazwa,
ikaanikwa, ikapigwa. Mwana wa Mwanaidi si ngoma.

"Mfuko wa nini?"
Akatoa daftari dogo, kama pakiti ya sigara.
Penseli, ukurasa hadi ukurasa:
tarehe, saa, nani alishika fimbo,
nani alishika miguu,
nani alisimama pale akacheka.
Na mbele kabisa, kifungu alichonakili
kutoka kitabu cha kanuni zao wenyewe,
kinachokaa ofisini chini ya birika la chai:
mkubwa asimpige aliye chini yake.
"Wanacho, Somoe. Hawajakifungua tu.
Kurasa zilikuwa bado zimegandana."

Nikakata bafta. Nikashona kwa mkono,
mshono wa kofia, ule ambao kidole hupita
kisijue kimepita.

Mwezi wa tatu yake yakaja mashati sita
kwa utingo wa basi la Mokowe,
yamefungwa kamba ya mkonge, bila neno.
Kila moja lina chaki ndani, upande wa moyo,
mraba mdogo: hapa.

La sita lilikuwa pana, la mtu mzima,
na begani tepe mbili.

Nilikaa nalo mapajani mpaka adhana ya alasiri.
Mtego? Au na yeye ana yake ya kuandika,
yeye aliyeshika miguu?
Nililiweka chini. Nikalichukua tena.
Nikalishona la mwisho, kwa uzi mwekundu,
ili Shekuwe akiliona
ajue sikuwa nimelala.

Ujira haukuja, na sikuutaka kwao.
Ila kwenye daftari langu la madeni,
chini ya kanzu ya imamu na buibui la Bi Rukia,
nimeandika kwa wino:

Serikali. Mifuko saba.
Haijalipa.