Sisi Mia Mbili na Hamsini

Dokta Kokugonza alivitoa kwenye kisanduku
akavipanga mezani, Mikocheni, saa nne asubuhi,
kiyoyozi kikinguruma kama cherehani isiyotiwa mafuta.
"Vishike," akasema. "Mikono yako inajua kuliko macho."

Mikono yangu imejua mengi:
satini ya maharusi, drili ya sare za shule,
sponji nilizowashonea wengine vifuani
miaka kumi na tisa, Mtaa wa Mkunguni,
na hakuna aliyewahi kuniuliza, na wewe je, fundi?

Hiki cha mviringo, hiki cha umbo la tone.
Hiki ganda lake linakwaruza kidogo,
kama kitenge kabla ya maji ya kwanza.
Hiki cha jeli: ukikibonyeza hurudi polepole,
donge la chapati lililopumzika.
Hiki cha maji ya chumvi,
hakitulii kiganjani, kama mtoto anayesukwa nywele.

Daktari anahesabu kwa sisi.
"Sisi mia mbili na hamsini. Au sisi mia tatu."
Nikacheka mpaka nesi akachungulia.
Sisi nani, dokta?
Mimi nimekuja peke yangu.

Nikaambiwa nikajaribu kwa mchele.
Nusu kibaba kila upande, ndani ya soksi za nailoni,
nikapiga fundo, nikatia kwenye sidiria, nikafungua duka.
Siku sita nilipima viuno vya watu
mchele wa Kyela ukinitangulia mlangoni.
Hidaya wa vifungo alinitazama mara mbili,
akasema, "Jana ulilala vizuri, eh?"

"Jeli ikipasuka hukaa kimya," alisema daktari,
"hujui mpaka upigwe picha.
Maji yakipasuka, kesho yake titi limenywea,
mwili umeyanywa, basi, unarudi kwangu."
Hapo nilikaa sana.
Kitu kilichopasuka kimya nakijua.
Niliishi nacho Temeke miaka saba,
kinakula, kinaoga, kinaniita Mama Salha.

"Ila ngozi yako nyembamba. Maji yataonyesha mikunjo."
Mikunjo, dokta? Unaniambia mimi?
"Na si vya milele. Miaka kumi, kumi na tano, tunafungua tena."
Nikahesabu: hamsini na sita.
Nani atakuwa analipa, na kwa shilingi ya namna gani?
Sikumuuliza. Nilikunja karatasi yake
mara nne, nikaitia kwenye kopo la pini.

Jumamosi nimerudi, sufuria inatokota.
"Mama, nimekuta mchele kwenye soksi, kabatini,
nikajua umeuficha kwa ajili ya wageni."
Salha ana miaka ishirini na moja,
anapakua bila kuniangalia, kama kawaida yake.
Tukala na maharage ya nazi.
Sikumwambia kitu.
Nilimtazama anavyotafuna, akaongeza sahani ya pili,
nikawaza: haya,
kifua hiki kimemlisha tena.

Jumatatu nikapiga simu kabla ya wateja.
Vya maji, nikasema. Vya mviringo.
Hao hao sisi mia mbili na hamsini, wasizidi.
Mshono upite chini, kwenye pindo,
ninavyoficha mimi.

Na risiti, dokta.
Usisahau kuniandikia risiti.