Filimbi Isiyopulizwa

Siku ya tatu sasa priampli ya kwaya inakoroma.
Ukiifungua nusu, inajiimbia,
filimbi nyembamba ambayo hakuna aliyeipuliza.
Ukiongeza, sauti ya Nabintu inachanika
kama kitenge kilichonaswa na msumari.

Niliishuku kapasita nene. Nikaitoa, nikaipima: nzima.
Nikaishuku transista, nikatia nyingine
kutoka redio ya marehemu Cirhuza.
Filimbi ikabaki.
Umeme wa Ruzizi ukashuka, ukapanda,
balbu ikafumba jicho, nikaulaumu umeme.
Nikaunga betri ya pikipiki.
Filimbi ikabaki.

Mvua ikaanza kupiga bati. Kadutu yote utelezi,
watu wanapanda kwa mikono.
Nikaegemea meza kwa uchovu,
kiganja kikakaribia sanduku,
kimya.
Nikakiondoa: filimbi.
Nikakirudisha: kimya.

Basi hakuna kiungo kigonjwa. Ni ujirani.
Waya wa kutoka umelala ubavuni mwa waya wa kuingia,
unaunong'oneza yaliyokwisha kusemwa,
nao unayapeleka tena mbele, makubwa zaidi,
yanazunguka, yanazunguka, mpaka yanalia.
Nani aliyezilaza hivi?
Mimi. Mwezi wa tano, kwa haraka,
ili kifuniko kifunge vizuri.

Nimezitenganisha. Nyaya zote za ardhi
nimezichomea risasi kwenye nukta moja.
Nabintu anajaribu: moja, mbili, tatu.
Hiyo hapo sauti yake,
na ule ukwaruzo mdogo kooni
niliohangaika siku tatu kuusafisha
nikidhani nao ni wa mashine.