Asiyeuza

Kivi. Herufi nne, na maana yake jiwe.
Sisi huuza majiko ya bafu la mvuke, hapa Tallinn,
na juu ya kila jiko hupangwa mawe,
kwa hiyo Taavo, bosi wangu, aliamka siku moja
akaona jina hilo ni letu tangu kuumbwa kwa dunia,
ila tu kuna mzee huko Võru aliyetutangulia mtandaoni
kwa miaka ishirini na minne.

Nikafungua anwani. Ukurasa mmoja.
Picha ya jiwe shambani, kubwa kama ng'ombe aliyelala,
na chini yake mstari: Leo theluji, sentimita kumi na tisa.
Basi. Hakuna duka, hakuna tangazo,
hakuna hata pa kubofya.

Nikaandika kwa adabu: yuro mia tano.
Akajibu baada ya siku nane: Haliuzwi.
Elfu mbili.
Haliuzwi, ila asante kwa kuuliza.
Elfu sita, na jiko la bure, na fundi wa kulifunga.
Jiko ninalo.

Sokoni muuzaji hushuka, mnunuzi hupanda,
wakakutana katikati wamenuna kidogo,
kila mmoja na ushindi wake mfukoni.
Hapa nilipanda peke yangu,
na juu ngazini hakuna aliyekuwa akishuka.

Elfu kumi na tano. Wiki tatu kimya.
Kisha: Leo thelathini na moja. Njoo uone.

Nikaenda, mwezi Machi, barabara imeganda,
mkataba mkobani, mahali pa sahihi pametiwa alama ya njano.
Njiani nilimtungia sababu zake:
mke aliyekufa, nilidhani; mtoto aliyepotea;
jiwe la kumbukumbu. Nilikuwa tayari hata kulia kidogo,
maana machozi nayo hulainisha bei.

Mlango ukafunguliwa na mke, mzima wa afya,
mikono imejaa unga wa shayiri.
"Ndiye wewe wa elfu kumi na tano?" Akacheka.
"Mimi ningekuuzia kwa mia tano ile ile ya kwanza.
Paa linavuja. Ingia."

Heldur akanipeleka shambani na rula ya mbao.
Jiwe lilikuwa jiwe.
Akachomeka rula, akainama, akasoma,
akaandika namba kiganjani.
Nikamuuliza, kwa nini?
Akafikiri kweli, bila kunidharau; nilimwona akitafuta
kama mtu anayepapasa funguo mifukoni.
"Sina sababu," akasema. "Kwani asiyeuza naye hudaiwa sababu?
Muulize anayetaka."

Nikarudi na mkate mweusi na mkataba mweupe.

Sasa majiko yetu yana jina lenye kistari katikati.
Wateja hukisahau. Taavo husaga meno.
Akanipa kazi ya mwisho: kuvizia.
Ada ya mzee huisha tarehe tisa Novemba;
asipolipa, jina linadondoka, nasi tukinge mkono.

Tarehe tisa, saa mbili usiku. Hajalipa.
Saa tatu. Hajalipa.
Nikakumbuka lile paa.
Elfu kumi na tano alizikataa,
na usiku huu tungelipata kwa bei ya supu na kahawa.
Ofisini nilikuwa peke yangu, na kompyuta ikipumua.

Saa nne nikachukua simu. Si ya ofisi, yangu.
Akapokea mke.
"Mwambie ada," nikasema. "Ni leo. Kabla ya saa sita."
"Yuko nje na tochi. Imeanza kuanguka," akasema. "Ngoja nimwite."
Nikasikia mlango,
jina lake likiitwa gizani mara mbili,
na buti zikija, bila haraka.