Ufunguo wa Stoo

Nilitaka kusoma somo la kwanza.
Shati nilishanunua, jeupe, la mikono mirefu.
Sauti nilishaijaribu shambani, katikati ya mikorosho:
"Somo katika kitabu cha Nabii…"
mpaka kunguru wakahama.

Mwenyekiti wa kigango, mama Filotea Nang'olo,
alinitazama kuanzia kola hadi viatu,
akanipa ufunguo wa kutu kwenye kamba ya katani.
"Stoo," alisema. "Sufuria tisa, miiko minne,
na mabenchi ya msiba."

Hapa Mahuta maji tunanunua.
Kiangazi bei ya ndoo hupanda bila ngazi.
Basi sufuria zikiazimwa hurudi vilevile zilivyoepuliwa,
masizi hadi masikioni,
ukoko umeng'ang'ania chini
kama mtoto aliyekataa shule.

Nikafungua daftari.
*Mnali: mfuniko, haujarudi.*
*Likwata: mwiko, mpini umeungua.*
*Somoe binti Hamisi, nyumba ya tatu kutoka msikitini:
sufuria namba tano, imebonyea. Anadaiwa.*
Mistari niliipiga kwa rula.
Jumapili, tulipoambiwa tutakiane amani,
niliwapa watu mkono
uliokuwa na orodha ndani yake.

Mwezi wa salfa, mikorosho imepakwa vumbi la njano,
mlango wangu uligongwa usiku wa manane.
Alikuwa kaka yake Somoe, miguu mitupu.
Mtoto amefariki, alisema. Yule wa mwisho.
Wageni wanaanza kufika kutoka Tandahimba.
Kisha, kabla sijajibu,
akiyaangalia makufuli na siyo macho yangu:
"Lile deni tunalijua."

Ningependa kuandika kwamba nililia.
Nilitafuta miwani.
Nikaikosa, nikatoka bila miwani,
na namba tano kichwani, na namba mbili mkononi,
na maneno yale manne yakinitangulia njiani
kama mtu mwenye tochi.

Sikuhubiri. Nani angenisikiliza?
Nilipuliza kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu
kama ya wafiwa, nikaona haya
kuazima hata machozi yao.
Wali ukaiva, watu wakala, wakaenda kuzika,
wakarudi, wakala tena.
Mimi nikabaki nyuma ya nyumba
na majivu, na mchanga, na kumbi la nazi.

Ndipo nikaigundua.
Ile bonyeo niliyomdai Somoe:
ukiilaza sufuria ubavu, ukapiga goti uisugue,
goti linaingia mle mle,
halitelezi.
Nilikaa pale muda mrefu kuliko ukoko ulivyohitaji.

Somoe alitoka kumwaga maji,
akaniona, akasimama.
Hakusema asante. Alinisogezea ndoo,
imejaa, ya kununuliwa,
akarudi ndani kwenye mkeka.

Msidhani nimekuwa malaika.
Jumamosi iliyopita Likwata kaleta sufuria bila mfuniko,
nikamnunia hadi jioni,
na mke wangu akaniuliza kama mfuniko ule
ndio ulionizaa.
Daftari bado ninalo. Rula nimempa mjukuu.
Sasa naandika nani amefiwa, na lini,
na arobaini itaangukia siku gani,
nisije nikasahau kwenda.

Juzi msomaji wetu aliugua koo.
Mama Filotea akanigeukia: "Njoo, usome wewe."
Shati jeupe lilikuwa na doa la masizi kwenye kiwiko,
limegoma sabuni zote.
Nilifungua kitabu kwa kucha nyeusi,
nikasoma hadi mwisho.
Wanasema nilisoma vizuri.
Mimi sauti yangu sikuisikia hata kidogo;
nilikuwa nawaza namba tano,
niliyoiacha imelowekwa kwa Mnali,
na jua linapanda,
na maji ya watu yasije yakapotea bure.